Unene wa Zinki: Ushauri kwa Wajenzi na Wanunuzi wa Vyuma katika Pwani

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, mnunuzi wa mabati huuliza kwanza geji, na muuzaji humjibu papo hapo, kwa kuwa wote wawili huamini kwamba namba ndogo ya geji, ambayo ni dalili ya bati nene, ndiyo dhamana ya paa litakalodumu. Imani hiyo si ya uongo, lakini imeshika jambo moja na kuacha lililo kubwa zaidi. Geji hueleza unene wa bati, na karibu unene huo wote ni chuma. Haielezi hata kidogo ni kiasi gani cha zinki kilicholazwa juu ya chuma hicho, ilhali mbele ya hewa ya bahari zinki ndiyo inayoamua miaka ya paa. Bati la geji 28 lenye zinki haba huweza kutoa kutu nyekundu mapema kuliko bati la geji 30 lenye zinki ya kutosha, na aliyelinunua kwa bei ya juu hubaki akimlaumu fundi aliyeliezeka.

Ili swali la zinki lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke kazi ya kutu yenyewe. Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Juu ya uso uliolowa, sehemu moja ya chuma hupoteza elektroni na chembe zake kuingia majini, na sehemu hiyo huitwa anodi. Sehemu nyingine iliyo jirani, iitwayo kathodi, huzipokea elektroni hizo na kuzikabidhi kwa oksijeni iliyomo ndani ya maji. Kila doa la kutu, basi, ni seli ndogo ya umeme inayojiendesha bila kuwashwa na mtu. Chumvi huichochea seli hiyo kwa njia tatu: huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, huzitoboa tando nyembamba za oksidi ambazo zingeupa uso nafuu kidogo, na kwa kuwa hunyonya unyevu kutoka hewani, huuacha uso wa bati umelowa hata katika usiku usio na mvua. Ndiyo sababu bati lililokaa miaka mingi Dodoma bila tatizo haliwezi kutolewa kama ushahidi wa namna litakavyokaa Bagamoyo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Mvua ya masika huogopwa kuwa ndiyo inayoharibu vyuma, lakini mvua huosha chumvi, na sehemu zinazoliwa upesi katika nyumba nyingi za pwani ni zile zisizonyeshewa kabisa: upande wa chini wa ukingo wa paa, mikunjo ya ndani ya geti, nyuma ya grili za madirisha yanayotazama upepo wa kusi. Mwenye nyumba anayezimwagia sehemu hizo maji matamu kila baada ya majuma machache huongeza umri wa chuma kwa gharama ndogo kuliko matengenezo yoyote mengine, mradi maji hayo yasitoke katika kisima chenye chumvichumvi.

Utando wa metali hukikinga chuma kwa namna mbili ambazo hazifanani. Namna ya kwanza ni kuziba njia, yaani kuyazuia maji na oksijeni visikifikie chuma, na kwa kazi hiyo hata rangi hutosha maadamu haijapasuka. Namna ya pili ni kujitoa kafara: metali inayoliwa kwa urahisi kuliko chuma, kama vile zinki, ikigusana na chuma katika maji hayohayo, hugeuka kuwa anodi na kuliwa yenyewe, huku chuma kikibaki kathodi na kusalimika. Tofauti hiyo huonekana siku utando unapokwaruzwa. Utando wa zinki ukikwaruzwa hadi chuma kikaonekana, zinki iliyo pembeni huendelea kukilinda chuma kilicho wazi ikiwa mkwaruzo ni mwembamba. Utando wa nikeli au wa shaba ukikwaruzwa, mambo hugeuka, kwa sababu metali hizo ni sugu kuliko chuma. Chuma kilicho chini ya tundu huwa ndicho anodi, tena anodi ndogo iliyozungukwa na kathodi kubwa, nacho huchimbwa haraka kuliko ambavyo kingechimbwa kama kisingepakwa kitu. Kwa hiyo utando wa nikeli wenye matundu ni hatari kuliko kutokuwa na utando kabisa, na huu ni ukweli ambao wauzaji wa vitu vinavyong'aa hawana haja ya kuutangaza.

Kanuni ya kafara ilijaribiwa baharini kabla haijafika kwenye mapaa. Mwaka 1824 mwanakemia wa Uingereza Humphry Davy alilishauri Jeshi la Majini la nchi hiyo lifunge vipande vya zinki au vya chuma kwenye mabamba ya shaba yaliyofunika matumbo ya meli, ili vipande hivyo viliwe badala ya shaba. Shaba ilisalimika kama alivyotabiri, lakini magugu ya bahari na chaza wadogo wakaganda juu yake na kuzipunguza meli kasi, kwa kuwa kumbe shaba iliyokuwa ikiyeyuka kidogo kidogo ndiyo iliyokuwa ikiwafukuza. Mpango ukaachwa. Mfano huo unafaa kukumbukwa na kila mwenye kuchagua kinga, kwa sababu metali inayozuiwa isiliwe huweza kupoteza pia faida iliyotokana na kule kuliwa kwake.

Mabati ya migongo yenyewe yalipata hataza huko London mwaka 1829 kupitia mhandisi Henry Robinson Palmer, lakini yalikuwa ya chuma kitupu, na ni baada ya Mfaransa Stanislas Sorel kupata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka, mwaka 1837, ndipo yalipoweza kusafirishwa kwenda kuezeka nyumba za nchi zenye joto na unyevu. Njia ya Sorel, inayoweza kuitwa uchovyaji wa moto, haijabadilika sana. Chuma huondolewa mafuta, huoshwa katika asidi ili kutoa kutu na magamba, hutiwa katika mmumunyo wa chumvi za zinki na amonia unaousafisha uso kwa mara ya mwisho, kisha huzamishwa katika zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi za selsiasi, ilhali zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420. Katika joto hilo zinki haikai tu juu ya chuma, bali huungana nacho na kufanya matabaka ya aloi, yaani metali zilizochanganyika, ambayo ni magumu na hayabanduki. Zinki yenyewe si kitu cha mbali kwa wasemaji wa Kiswahili: mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi, ni miongoni mwa migodi mashuhuri ya zinki barani Afrika, na ulirudi kuzalisha mwaka 2024 baada ya kufungwa kwa zaidi ya miaka 30.

Baada ya hapo kinachobaki ni hesabu, na hesabu hiyo mnunuzi anaweza kuifanya mwenyewe. Unene wa utando hupimwa kwa mikroni, na mikroni 1,000 ni milimita 1. Kwa mabati, viwanda hutaja uzito wa zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa: alama Z100 ina maana ya gramu 100, na Z275 gramu 275. Ukigawanya kwa mbili na kuzingatia msongamano wa zinki, Z100 hutoa mikroni 7 tu kila upande, na Z275 hutoa mikroni zipatazo 19. Vyuma vinene vilivyochovywa moto baada ya kuundwa, kwa mfano nguzo na mihimili ya unene unaozidi milimita 6, hutakiwa na kiwango cha kimataifa ISO 1461 kuwa na wastani wa mikroni 85. Upande wa pili wa hesabu ni kasi ya kuliwa. Kiwango cha ISO 9223 huyagawa mazingira katika madaraja kuanzia C1, ambalo ni ndani ya nyumba kavu, hadi C5 na CX, na katika daraja C4, la pwani iliyo mbali kidogo na mawimbi, zinki hupoteza kati ya mikroni 2.1 na 4.2 katika mwaka wa kwanza, na katika C5 kati ya 4.2 na 8.4. Kwa kasi ya C4, zinki ya Z100 huisha ndani ya miaka miwili hadi mitatu na kidogo, ya Z275 ndani ya miaka mitano hadi tisa, na ya mhimili wenye mikroni 85 kati ya miaka 20 na 40. Nyumba iliyo hatua chache kutoka mawimbi yanapovunjika ihesabiwe kuwa katika C5 bila mjadala. Ni kweli kwamba baada ya mwaka wa kwanza kasi hupungua kiasi, kwa kuwa zinki iliyo hewani hujivika tabaka la kabonati linaloituliza, lakini palipo na chumvi nyingi si busara kuutegemea upungufu huo.

Kutokana na hesabu hiyo, bati tupu la zinki, hata lile zuri, ni chaguo dhaifu kwa nyumba ya ufukweni, na linapaswa kuambatana na rangi ya kiwandani au kuachwa kwa ajili ya bati la alumini na zinki. Utando wa bati hilo, uliofika sokoni mwaka 1972 kutoka Marekani, huwa na asilimia 55 ya alumini, asilimia 43.4 ya zinki na asilimia 1.6 ya silikoni. Alumini huziba njia kwa muda mrefu na zinki hujitoa kafara kwenye kingo zilizokatwa. Alama AZ150, yaani gramu 150 kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, hutoa unene wa takriban mikroni 20 kila upande, sawa na Z275, lakini hudumu zaidi katika hewa ya bahari. Udhaifu wake ni kwamba hauvumilii ukali wa saruji mbichi wala mbolea ya wanyama, hivyo haufai kuzikwa katika zege wala kuezekea banda la ng'ombe lisilopitisha hewa. Mnunuzi na adai alama hiyo iandikwe kwenye risiti, kwa maana bati lisilo na alama yoyote mgongoni na muuzaji asiyejua gramu zake ni sababu tosha ya kutolinunua.

Njia ya pili ya kulaza metali ni uchovyaji wa umeme, ambao Waswahili wameujua zaidi katika pete na mikufu ya dhahabu ya kuchovya. Mtaliano Luigi Brugnatelli alilaza dhahabu kwa umeme mwaka 1805, miaka mitano tu baada ya betri ya Volta, na mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza iliyoigeuza njia hiyo kuwa biashara. Kifaa kinachochovywa hufungwa kwenye upande hasi wa umeme, kipande cha zinki au nikeli hufungwa kwenye upande chanya, na vyote viwili huzamishwa katika mmumunyo wenye chumvi za metali hiyo. Umeme unapopita, ioni za metali husafiri na kujilaza juu ya kifaa. Kiasi kinacholala hufuata sheria aliyoiweka Michael Faraday katika miaka ya 1830, nayo haina huruma: ampea 1 kwa saa 1 hulaza takriban gramu 1.2 za zinki, wala haizidi. Kulaza mikroni 10 juu ya mita 1 ya mraba kunahitaji gramu 71, sawa na ampea 60 zikipita kwa saa nzima, bila kuhesabu umeme unaopotea njiani. Karakana inayotoa mzigo wa boliti baada ya dakika chache imetoa rangi ya zinki, haikutoa kinga yake. Aidha, umeme hupenda kona na ncha na kukwepa mashimo, kwa hiyo ndani ya bomba au kwenye mfereji wa hesi za skrubu utando huwa mwembamba kuliko unavyoonekana nje.

Boliti, skrubu na bawaba zinazouzwa madukani zikiwa laini na zenye mng'ao wa samawati au wa manjano karibu zote ni za uchovyaji wa umeme, na mara nyingi zina mikroni 5 hadi 12 za zinki. Rangi ya manjano hutokana na tabaka la kromati lililowekwa juu ya zinki ili kuchelewesha kuliwa kwake, na si dalili ya unene. Vifaa vya namna hiyo vinafaa ndani ya nyumba na katika mashine zinazopakwa mafuta. Nje, karibu na bahari, huanza kutoa kutu nyekundu katika mwaka wa kwanza au wa pili, na paa zima lililogharimu mamilioni huvuja kwa sababu ya skrubu za bei rahisi. Boliti za uchovyaji wa moto hutambulika kwa rangi ya kijivu isiyong'aa na uso wenye ukwaru. Nati zake hupanuliwa hesi ili zipite juu ya zinki nene, hivyo nati ya kawaida isilazimishwe juu yake kwa nyundo au kwa spana ndefu.

Kuhusu mabomba ya maji na vitasa vya mlango vinavyong'aa kwa kromu, ifahamike kwamba kromu hiyo ina unene usiofika hata nusu ya mikroni, na imejaa nyufa zisizoonekana kwa macho. Kinga halisi ni nikeli iliyo chini yake, na kilicho chini ya nikeli ndicho kinachoamua hatima. Kifaa cha aloi ya shaba kikitoboka utando hufifia tu, ilhali cha chuma hututumka na kubanduka. Sumaku ndogo husaidia kuvitofautisha dukani: ikivutwa kwa nguvu, ndani kuna chuma, ikivutwa kidogo sana, huenda ni nikeli tu inayoivuta, na isipovutwa kabisa, ndani hakuna chuma cha kawaida.

Utando mzuri huharibiwa zaidi na mikono ya wajenzi kuliko na bahari. Kosa la kwanza ni kugusanisha metali zisizopatana. Maji yanayotiririka kutoka bomba la shaba la kiyoyozi au la kuchemshia maji kwa jua hubeba chembe za shaba, na chembe hizo zikitua juu ya bati la zinki hulichimba matundu, hata kama shaba na bati havikugusana kamwe. Kwa hiyo maji ya aina hiyo yapelekwe kwenye bomba la plastiki moja kwa moja hadi chini. Kosa la pili ni kukata mabati kwa grenda, ambayo huchoma utando kwenye ukingo na kurusha cheche za chuma zinazojibandika juu ya mabati mengine na kugeuka madoa ya kutu baada ya siku chache. Mkasi wa bati hufanya kazi hiyo polepole na kwa usalama, na vumbi la kutoboa lifagiliwe jioni ileile. Kosa la tatu ni kuchomelea baada ya kuchovya. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini kabisa ya joto la kuchomelea, hivyo utando huvukizwa pande zote za mshono, na moshi wake mweupe humpa fundi homa ya jioni yenye baridi na kichefuchefu. Geti liundwe lote, litobolewe matundu ya kupitisha hewa na zinki katika kila bomba lililozibwa, kisha ndipo lipelekwe kuchovywa. Bomba lililozibwa pande zote likizamishwa, unyevu uliomo ndani hugeuka mvuke na kulipasua ndani ya sufuria ya zinki.

Pale ambapo kuchomelea hakuepukiki, mshono usuguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kiwe cheupe, kisha upakwe rangi ya vumbi la zinki, yaani rangi ambayo sehemu kubwa ya utando wake mkavu ni zinki yenyewe, kwa unene usiopungua mikroni 100. Rangi ya fedha ya alumini, ambayo mafundi wengi huitumia kwa kuwa inafanana na zinki, huficha kosa bila kulitibu.

Upakaji wa rangi juu ya zinki mpya nao una mtego wake. Rangi ya kawaida ya mafuta, ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, huunda nayo sabuni chini ya rangi, na baada ya miezi kadhaa hubanduka kwa vipande vikubwa huku mwenye nyumba akidhani ameuziwa rangi bandia. Dawa yake ni praima iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki, juu ya uso ulioondolewa mafuta na kukwaruzwa kidogo kwa msasa. Utando wa zinki na rangi ukipakwa sawasawa, umri wa viwili hivyo kwa pamoja huwa mrefu kuliko jumla ya umri wa kila kimoja peke yake, kwa sababu rangi huikinga zinki isiliwe, na rangi inapopasuka zinki huzuia kutu isitambae chini yake.

Mabati yasiyoezekwa mara moja yahifadhiwe yakiwa makavu, yameinuliwa kutoka sakafuni na kuinamishwa ili maji yatoke. Mabati yaliyopangwa yakiwa yamelowa hutoa unga mweupe mzito, ambao ni zinki iliyoliwa kwa kukosa hewa ya kutengenezea kabonati. Unga mwepesi si tatizo kubwa, lakini ukiacha madoa meusi mazito umekwisha kula sehemu ya utando ambayo mnunuzi ameilipia.

Wanaofanya uchovyaji wa umeme katika karakana ndogo wanapaswa kuonywa juu ya mambo mawili. Mimumunyo ya sianidi, ikikutana na asidi, hutoa gesi inayoua kwa dakika, na kromati za aina ya kromiamu-sita husababisha saratani. Mapipa ya sianidi na ya asidi yasikae chumba kimoja, wala maji yake au ya kromati yasimwagwe mferejini. La pili linahusu nguvu: boliti ngumu sana, za daraja 10.9 na 12.9, hunyonya hidrojeni wakati wa kuoshwa kwa asidi na kuchovywa kwa umeme, na huweza kukatika ghafla siku kadhaa baada ya kukazwa, bila dalili yoyote. Ni lazima zioshwe bila asidi kali na kuokwa kwenye nyuzi 190 hadi 220 kwa saa kadhaa mara baada ya kuchovywa, na kwa kuwa mnunuzi hana namna ya kuthibitisha kwamba zimeokwa, ni salama zaidi boliti za winchi na kreni zisipelekwe kwenye karakana ya mtaani kabisa.

Kwa wenye boti za chuma au za injini, kafara ya zinki huwekwa ikiwa kipande kizima kilichofungwa karibu na rafadha na usukani. Zinki au alumini hutumika baharini, na magnesi katika maji baridi ya ziwa kama Victoria, ambako zinki hulala bila kufanya kazi ya kutosha. Kipande kinachobaki kizima baada ya mwaka si cha kujivunia, kwa kuwa ama hakigusani na chuma kinachotakiwa kukilinda, ama kimepakwa rangi na fundi aliyekuwa akipaka tumbo la boti. Kibadilishwe kikiwa kimeliwa nusu, kifungwe juu ya chuma kilichosuguliwa hadi kung'aa, na brashi ya rangi isikiguse.